Jani Moja kwa Kitabu Kimoja

Ninyi vijana mnaokaa sasa kwenye meza niliyokaa mimi, mmeniomba niwaandikie namna ya kutunza vitabu. Labda mnatarajia niwape kanuni za kupanga rafu. Kanuni hizo mnazo, zimebandikwa ukutani, na nusu yake niliziandika mwenyewe wala sizikumbuki. Mimi nitawaeleza habari za majani ya miti. Atakayedhani kwamba uzee umenipanda kichwani aendelee kusoma tu, huko mbele atanielewa.

Lakini kwanza gundi, maana kwa mvua za huku kwetu Rusizi hakuna kitabu kitakachomaliza mwaka bila gundi nzuri. Msinunue ya dukani, hukauka ikakatika. Pikeni uji wa unga wa muhogo, mwepesi, usio na madonge, halafu mtie kijiko kimoja cha pilipili ya kusaga. Pilipili hiyo si ya kitabu, ni ya panya. Mwaka wangu wa kwanza sikuitia, na panya walikula migongo ya vitabu rafu nzima wakaniachia kurasa. Mzee Saidi, fundi cherehani wa Kamembe aliyenifundisha kazi hii, alicheka mpaka akavua miwani. Alisema nimewapikia panya ugali, kisha nawashangaa kwa kula.

Huyo Mzee Saidi hakuwa msomaji. Alikuwa akisema kwamba kwake Kitabu ni kimoja tu, na hicho anakisoma kila alfajiri. Lakini kushona alijua. Alinifundisha kupitisha uzi kwenye mshumaa ili usioze, na kuanza kushona katikati ya kurasa nikielekea pembeni. Kila nilipovuta uzi kwa nguvu alinipiga kidogo kwenye vidole kwa futi yake ya kitambaa. Uzi ukivutwa sana hukata karatasi, alisema, na kitu unachokipenda ndicho unachokivuta kupita kiasi. Nilidhani anazungumzia uzi.

Mimi nilizaliwa Bukavu na nikafundisha shule huko. Nilivuka daraja la mpakani la Rusizi ya Kwanza mwaka uliofuata ule mwaka mbaya wa mauaji, nikirudi katika nchi ambayo wazazi wangu walinisimulia na ambamo sikuwahi kulala hata siku moja. Wenzangu walivuka na sufuria na magodoro. Mimi nilivuka na magunia mawili ya vitabu, kwa sababu shule yangu ilikuwa inafungwa na mkubwa wake aliniambia nichukue nitakachoweza kubeba. Mbebaji aliyenisaidia aliuliza kama ni maharage. Nilimjibu kuwa ni vitabu, akatua gunia chini na kuomba aongezwe malipo. Mume wangu alinitania miaka kumi kwa sababu ya magunia hayo, hasa siku tulizokosa sufuria.

Chama cha wakulima wa kahawa cha Gitambi kilinipa ghala lao la zamani: chumba kimoja, mlango mmoja, dirisha moja. Nililipaka chokaa, fundi akanipigia rafu za mbao, na watu wakaanza kuniita Maman Biblio, yaani Mama Maktaba. Nilifurahi kupita kiasi. Nilikuwa nimepoteza mengi, kama kila mtu wa miaka ile, na chumba kile kilinipa sababu ya kuamka asubuhi.

Tatizo lilikuwa mlima. Ninyi mnauona leo ukiwa kijani mkadhani ulizaliwa hivyo. Wakati ule ulikuwa mtupu. Makundi ya watu waliokimbia yalikuwa yamepita huku na kufanya kuni kila kilichosimama, na waliorudi nao walihitaji kuni. Mvua ya kwanza iliteremsha matope mpaka chini ya dirisha langu. Mwenyekiti wa chama, mtu mwembamba wa maneno machache ambaye wote tulimwita Prezida, alikuja akaangalia ukuta, akaugonga kwa fimbo yake. Alinipa mwaka mmoja. Mvua za umuhindo za mwaka unaofuata, zile za mwezi wa tisa, zikikuta mlima haujapandwa na haujashika udongo, chama kingebomoa ghala na kuokoa mabati na matofali kabla hayajazikwa. Vitabu ningevipeleka nitakakojua mwenyewe. Kwangu tulikuwa watu wanane katika vyumba viwili, na hapakuwa na mahali pa kuweka hata kamusi. Niliitikia, nikafunga mlango, nikalia.

Baada ya kulia nikatangaza Siku ya Kusoma. Nilitangaza kanisani na sokoni, na Mzee Saidi akanitangazia msikitini Kamembe. Watu waje Jumamosi wasikilize hadithi zikisomwa kwa sauti, na kila mmoja aondoke na kitabu kimoja cha kuazima na mche mmoja wa kupanda mlimani. Kiingilio kilikuwa kikapu kimoja cha samadi. Walikuja wengi, na vikapu vikajaa mpaka mlangoni. Sijapata kuingia maktaba nyingine iliyonuka ng'ombe siku ya sherehe, na siwezi kusema kwamba ilinikera.

Siku hiyo vita ya Kongo ilikuwa imeshaanza ng'ambo ya mto. Nikiwa katikati ya hadithi ya fisi na mke wake tulisikia milio mizito kutoka upande wa Bukavu. Nusu ya waliokaa pale walikuwa na ndugu huko, nami nilikuwa na dada yangu. Nilinyamaza. Mama mmoja aliyekaa mbele, mwenye mtoto mgongoni, aliniangalia.

"Soma tu, Maman," alisema. "Ukinyamaza, tunasikia tu ile."

Nikaendelea, nikipaza sauti kila mlio ulipokuja, na fisi wangu siku ile alikuwa fisi mwenye kelele sana. Dada yangu alivuka salama baada ya wiki mbili. Nawaeleza haya ili mjue kwamba kusoma kwa sauti ni kazi ya kifua, na kifua hufanyiwa mazoezi.

Miche tulikuwa tumeiotesha wenyewe, gereveriya na misave, miti ya mbao, katika vifuko tulivyoshona kwa maganda makavu ya mgomba. Vifuko hivyo ni bora kuliko vya plastiki, kwa sababu mche unauzika pamoja na nguo yake na mizizi haisumbuliwi. Nilichokiogopa ni kwamba mtu atautupa mche njiani na kitabu akae nacho. Basi siku chache kabla nikatunga kanuni, na usiku ule nikalala nikijiona nina akili kuliko Gitambi nzima. Mtu akitaka kitabu cha pili, arudishe cha kwanza pamoja na jani moja kutoka kwenye mche wake. Jani liwe bichi, kwa sababu jani bichi ni ushahidi kwamba mti uko hai. Nilinunua daftari kubwa, na kila jani lililokuja nililibandika kwa gundi ya muhogo mbele ya jina la msomaji.

Jioni ya Siku ya Kusoma ilibaki miche thelathini na kitu, imeanza kunyauka. Mwanamume mmoja wa mlimani juu, Baba Karoli, alinijia na kofia mkononi akauliza kama miche hiyo ina mwenyewe. Nilimwambia kanuni ni kanuni, mche unakwenda na kitabu, na kitabu kinarudi na jani. Alichukua kitabu kilichokuwa karibu na mkono wake, bila kuangalia jalada, akakiweka ndani ya shati. Kisha akaibeba miche yote kwa safari nne, akaipanda upande wa juu, pale mlima unapoanza kuinama kuelekea kwetu.

Majani yakaanza kuja. Yalikuja kwa wingi kuliko nilivyoomba. Wadanganyifu hawakukosekana; mwalimu mmoja, mtu mzima mwenye tai, aliniletea jani la avoka akaapa kwamba ni la misave. Nilimwambia misave yake ikizaa avoka anikumbuke. Lakini wengi walikuwa wakweli, na mkweli kuliko wote alikuwa Furaha, binti wa miaka kumi na sita, ambaye mama yake alikuwa mbebaji pale mpakani. Furaha alisoma kama mtu mwenye njaa. Kufikia Noeli alikuwa amemaliza rafu ya hadithi, na mbele ya jina lake majani yalijaza ukurasa yakaingia wa pili. Nilikuwa nikilionyesha daftari hilo kwa kila mgeni. Haba na haba hujaza kibaba, niliwaambia, na nikasahau kwamba kibaba kikijaa, kuna gunia mahali linalopungua.

Baba Karoli ndiye hakurudi. Mwezi ulipita, ikapita mitatu, kitabu hakionekani na jani halionekani. Nikaandika orodha ya waliokaa na vitabu vya watu, kwa herufi kubwa, nikaibandika mlangoni. Jina lake lilikuwa la kwanza. Na yeye, kila asubuhi, akipanda mlimani na jembe begani, alisimama pale pale chini ya jina lake akanisalimu.

"Maman Biblio, amani?"

"Amani," nilijibu, meno yakiwa yamefungwa. Wapita njia walicheka pembeni. Nilijiambia huyu mtu ana uso mkavu, anaiba kitabu na kuja kuniangalia usoni kila siku ya Mungu. Hasira hiyo niliitunza vizuri kuliko kitabu chochote, nayo ilinikaa miezi mingi.

Ilipobaki miezi miwili Prezida aje, katikati ya kiangazi, Mzee Saidi alinitembelea kuniletea uzi, akataka kuiona miti niliyokuwa nikimsifia. Mimi mwenyewe nilikuwa sijapanda juu tangu siku ya kwanza. Ya nini, wakati ninayo majani mezani? Tulipanda watatu, yeye, mimi na Furaha, na mzee alisimama mara nyingi akipumua. Tulipofika aliinama kwenye kijiti kimoja kikavu, akakishika, kikakatika mkononi mwake. Karibu nacho kulikuwa na kingine, na kingine tena.

"Ule mutoto wako mwenye anasoma kupita bote," aliniuliza polepole, "muti yake iko wapi?"

Furaha alionyesha kijiti alichokuwa nacho mzee mkononi. Alikuwa ameanza kulia.

"Nilitosha majani juu ya bitabu, Maman," alisema. "Nilizani itaota ingine." Alikuwa ameuchuma mche wake jani baada ya jani, ili apate vitabu.

Wanangu, mimi nilikuwa nimefundisha somo la mimea miaka minne. Nilikuwa nimechora jani ubaoni na kuwaeleza watoto wa watu kwamba jani ndilo jiko la mti. Kisha nikatunga kanuni ya kung'oa mafiga kwenye jiko la mche wenye majani matano, na waliotii kwa moyo ndio walioua. Kila msomaji wangu mzuri alikuwa na kijiti. Miti michache iliyopona upande ule wa chini ilikuwa ya wavivu waliosoma kitabu kimoja wakachoka. Nilimshika Furaha nikamwambia kosa ni langu, si lake, na nililirudia kwa sababu niliona haamini. Mzee Saidi hakunicheka safari hii. Alisema tu kwamba nimevuta uzi sana.

Kisha tukatazama juu. Pale mlima unapoinama palisimama safu mbili za gereveriya zilizonifikia kifuani, zimejaa majani, na katikati yake majani ya tembo, yale marefu ya kulisha ng'ombe, yaliyopandwa kwa mstari, na mtaro uliochimbwa vizuri. Niliuliza ni ya nani, ingawa nilijua. Furaha alilitaja jina lililokuwa la kwanza mlangoni kwangu.

Sikuibandua orodha siku ile. Nataka mjue hilo, kwa sababu mnaniona mtu mwema. Nilijiambia miti ni miti na kitabu ni kitabu, mwizi mwenye bidii bado ni mwizi. Kupanda mingine kwenye kiangazi haikuwezekana. Nilichoweza ni kungoja, na nilipanga Siku ya Kusoma ya pili iangukie siku ile ile ya Prezida, ili angalau akivunja, avunje mbele ya watu.

Mvua ilitangulia kwa siku mbili, ilipiga usiku na mchana. Asubuhi ya siku yenyewe nilizunguka nyuma ya chumba nikiwa na hakika ya kukuta matope dirishani. Ukuta haukuwa na tope. Maji yalikuwa yameshuka, lakini udongo ulikuwa umebaki juu. Prezida alifika, akapanda mlimani bila kumsalimu mtu, akachoma fimbo yake ardhini hapa na pale, akashuka. Watu walikuwa wamekaa na vikapu vyao vya samadi. Nilikuwa nimeviweka vitabu kwenye magunia yale yale mawili, yako tayari mlangoni.

"Hapa chini mulipanda fimbo," alisema. "Kule juu kuko miti. Nani aliipanda?"

Baba Karoli alisimama kutoka nyuma. Prezida alimtazama, akasema kwamba kwa kuwa leo ni siku ya kusoma, basi aliyeshika mlima ndiye aifungue, asome ukurasa wa kwanza. Baba Karoli alivua kofia. Alitoa ndani ya shati kitabu kilichofungwa kwenye kipande safi cha kitenge. Kilikuwa kitabu changu, na hakikuwa na doa.

"Prezida, miye sijuake kusoma," alisema. "Maman alisema muti inatembea na kitabu. Nilitaka miti, njo nikabeba na kitabu."

Nilimuuliza kabla sijafikiri: kwa nini basi hukukirudisha?

"Ulisema nikuje na jani. Muti ilikuwa na majani tano tu, Maman. Ningetosha ya wapi? Nikangoja moja ianguke yenyewe."

Alifungua kitabu. Katikati yake lilikuwamo jani la gereveriya, kavu, la rangi ya kahawia, limenyooka kama limepigwa pasi. Alilinyanyua kwa vidole viwili akanipa. "Haiko bichi," alisema. "Lakini ni yake."

Hapo ndipo nilipoelewa zile salamu za kila asubuhi. Alikuwa amesimama chini ya jina lake miezi yote hiyo bila kujua kwamba ni lake. Nilikwenda mlangoni, nikaibandua orodha mbele ya watu wote, nikaeleza imeandikwa nini, nani aliiandika, na kwamba nilimwita mwizi mtu aliyekuwa akikilinda chumba hiki. Nilimwomba radhi. Waliokuwa wakicheka mwaka ule waliangalia vikapu vyao. Baba Karoli alisikiliza yote, kisha akaichukua ile karatasi mkononi mwangu akaigeuza huku na huku.

"Jina yangu ni ipi hapa?"

Nilimwonyesha kwa kidole. Alilitazama kwa muda mrefu, akilifuata herufi kwa herufi.

"Niko nalomba hii karatasi," alisema. "Sijaonaka bado jina yangu."

Nilitaka kumwandikia nyingine, nzuri, isiyo na aibu. Alikataa, akaikunja ile ile na kuiweka kwenye kitenge. Kisha akaniuliza kama sasa anaweza kuazima kitabu cha pili. Watu wakacheka, kicheko cha kupumua, na hata Prezida alijifuta uso. Alisema chumba kibaki, na Baba Karoli awe ndiye msimamizi wa mlima. Kuhusu majani, alisema, tungoje yaanguke. Mzee Saidi, aliyekuwa amekuja na kikapu chake cha samadi kutoka Kamembe kwa miguu, aliniambia jioni ile kwamba kupotea njia ndiko kujua njia, ila mimi niliamua kupotea na wanafunzi wote.

Furaha alimfundisha Baba Karoli kusoma, wakianzia na karatasi ile ya wezi, na kila mwaka wawili hao ndio waliofungua Siku ya Kusoma. Baba Karoli alisoma polepole, kidole kikiwa chini ya neno, na hakuna aliyethubutu kukohoa. Alisoma hivyo mpaka mwaka alioondoka duniani. Daftari la kwanza liko kabatini. Likifunguliwa kwenye jina lake mtakuta jani moja la kahawia, na ukurasa wa Furaha uliojaa majani uko jirani nalo. Nawaomba msiutoe hata mmoja kati ya hizo kurasa mbili.

Nimesikia mnalalamika kwamba majani yanaziba mifereji ya paa na kwamba kufagia hakuishi. Mnayo haki. Pandeni tu ngazi mfagie.

Wiki iliyopita nilikuja kuazima kitabu. Binti aliyekuwa mezani hanijui, ameanza kazi juzi. Aliniomba jani kama anavyomwomba mtu mwingine yeyote, lililoanguka lenyewe, akasisitiza, tusichume. Nilimwambia sawa, nikatoka nje mpaka chini ya miti ya Baba Karoli. Yalikuwapo mengi ardhini, lakini sikuwa na haraka. Nilisimama pale nikiwa nimeinua uso, nikangoja moja lianguke.